Meza imekatwa miguu

Leo mchana fundi kaja na msumeno wake kukata miguu ya meza yangu ya kazi, meza yenyewe haina hata miezi miwili, mama alivyoona akashika kiuno, "Sasa mnaharibu meza nzima kwa nini jamani?" Nikamwambia mama acha tu, ni stori ndefu.

Iko hivi. Nilivyoanza kufanyia kazi nyumbani hapa Soweto, Moshi, nilikuwa natumia meza ya chakula, ikifika saa saba ugali unaitaka meza na mimi naitaka meza, basi nikaamua kile chumba cha wageni kiwe ofisi, wageni watalala sebuleni huko. Kitu cha kwanza nikakimbilia meza. Kuna picha nilikuwa nayo kwenye simu, meza ina droo tatu upande mmoja, nikampelekea fundi Majengo nikasema nataka hii hii. Akaniuliza mbao gani, mninga? Alivyotaja bei nikacheka peke yangu, mninga mpaka utoke Tabora huko ufike Moshi ushaanza kuringa. Saiprasi tunayo hapa hapa, mashamba ya West Kilimanjaro na Rongai yanaitoa, nikasema nipe saiprasi. Ambacho hakuniuliza, na mimi sikujua kama kinaulizwa, ni mimi mwenyewe nina urefu gani.

Mimi ni futi tano na inchi mbili. Meza ikaja inchi thelathini, maana ndo kipimo chao cha kila siku. Ukikaa, mabega yanapanda juu kama mtu anayesikia baridi, ukijiongezea mto chini miguu inaning'inia, saa moja tu ganzi. Halafu mbao alizoapa ni kavu kumbe zilikuwa mbichi, mvua za Aprili zilivyokolea droo ya chini ikagoma kabisa, nikawa naivuta kwa mikono miwili. Fundi akanielekeza nipake mshumaa kwenye reli zake, nikadhani ananitania, nikapaka, sasa inateleza vizuri tu.

Kiti nacho. Nilinunua kiti cha mtumba, kile cha kuzunguka chenye wavu mgongoni, dukani nilikikalia dakika moja hivi nikalipa. Nyumbani kikawa kinashuka. Hakishuki kwa kishindo, kinashuka polepole kama mtu anayesinzia kanisani, siku moja nipo kwenye kikao cha mtandaoni naeleza mambo yangu ya maana, bosi ananikatisha, "Samahani dada, mbona tunaona paji la uso tu?" Kumbe gesi imekwisha kwenye ile nguzo ya kiti. Kurudisha dukani wakasema mali ikitoka hairudi. Jirani yangu, kijana wa kutengeneza baiskeli, akachukua kipande cha bomba la plastiki la maji, akakichana kwa urefu, akaniambia kaa miguu ikanyage chini vizuri, akapima, akakata, akakivisha kwenye nguzo. Hakishuki tena. Hakipandi pia, lakini anayekikalia ni mimi tu.

Na hapo ndo akili ikanijia, kwamba nilianza kinyume. Ningetafuta kiti kwanza, miguu ikae chini, kiwiko kikunjwe sawasawa, halafu ndo nimwambie fundi meza inifuate mimi hapa. Mwezi mzima nimeumwa shingo kwa sababu ya picha ya kwenye simu.

Kuhusu dirisha nilibishana na nafsi yangu sana. Dirisha linatazama mlima, na nani anaishi Moshi asitake kukaa anautazama mlima? Nikaiweka meza hapo hapo. Kwanza mlima wenyewe ikifika saa nne ushajifunika mawingu, unabaki unatazama bati la jirani, pili ule mwanga nyuma ya skrini unaumiza macho kweli. Nikajaribu kulipa dirisha mgongo, skrini ikawa kioo, najiona na nywele zangu zisizosukwa. Sasa meza iko ubavuni mwa dirisha, mlima nauona asubuhi kwa kugeuza shingo kidogo na chai mkononi.

Basi leo nimekalia kiti changu cha bomba, fundi akaweka futi kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, akasema dada hapa inchi ishirini na saba inakutosha. Alikata mguu mmoja mmoja, kila akikata anaweka kikombe cha maji juu ya meza anaangalia yameegemea wapi, mguu wa tatu akaurudia na msasa mara mbili.

Vile vipande vinne vya inchi tatu mama alishavikusanya apeleke jikoni vikawashie moto. Nimemnyang'anya. Nimevipanga chini ya laptopu, skrini imefika usawa wa macho, sasa hivi naandikia kibodi ya pembeni na bado vinanukia saiprasi.