Mkono uliungua, nikapewa samaki wa kufukuza

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa nakaanga korosho kwenye bati, uani kwetu Mikindani. Anayezikaanga na maganda yake anajua: mafuta ya ganda yakishika moto hayabishi hodi. Mkono wa kushoto ukaungua, kiganja hadi karibu na kiwiko.

Kuungua kwenyewe nilikusahau mapema. Kazi ilikuwa kusafishwa kidonda. Gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, imegandana na nyama, sista anailowesha maji ya chumvi, anaivuta pole pole, na mimi macho yote pale pale. Ikafika mahali siku ya kwenda hospitali tumbo linavuruga tangu alfajiri.

Mtoto wa kaka yangu ni fundi simu. "Shangazi, kuna miwani ukivaa unaingia dunia nyingine." Akanieleza kuwa Marekani, Hunter Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walianza miaka ya 1990 kuwavalisha walioungua moto; wakawatengenezea mchezo, SnowWorld, mgonjwa anarusha mabonge ya theluji huku anasafishwa. Akili ikishughulishwa, maumivu yanakosa pa kukaa. Nilimwona ananibembeleza tu.

Mara ya kwanza tulichemka. Miwani hiyo unaichomeka simu ndani, ndiyo inayokuonyesha picha; sasa simu yangu ya bei rahisi haina gairoskopu, kile kihisi kinachojua kichwa kimegeukia wapi, kwa hiyo picha haikunifuata, nikaambulia kichefuchefu. Mara ya pili akaja na simu yake, akaniwekea video ya ufukwe. Jamani, bahari ninayo mlangoni! Nikawa nachungulia mkono kwenye upenyo wa puani.

Ya tatu ndiyo ikanishika: mchezo wa kufukuza samaki. Unamlenga kwa kugeuza kichwa, unabonyeza kitufe kwa mkono mzima. Sista alifuta miwani kwa spiriti, akasisitiza nimeze dawa ya maumivu kama kawaida na bega nisilitikise. Kuvutwa nilikusikia, ila kama mtu anayekuvuta kanga wakati unaongea na mwingine. Kilichopungua zaidi ni hofu.

Mara ya tano simu ikazima chaji, gozi imetoka nusu. Giza, na mkono wote ukarudi kwa mkupuo. Nilipiga ukelele wagonjwa wenzangu wakanyanyuka. Tangu siku hiyo hadi kidonda kilipofunga, kijana alikuja na pawabenki mfukoni.