Bakteria haoti, dawa yake tunaipata

Kazi yangu ni kuotesha bakteria kwenye sahani za agari, ule mchuzi mgando wa maabara, na sisi wa kazi hii tuna wivu wetu. Mtu akiniambia amepata antibiotiki mpya, nauliza kwanza: kidudu chenyewe kiko wapi, nikione? Ndiyo maana kazi ya Sean Brady na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, inanichokoza.

Agari inatunyima wengi. Kadirio linalotajwa sana ni kwamba katika bakteria wa udongo, wanaoota ni kama asilimia 1 tu. Antibiotiki ya streptomisini ya mwaka 1943 ilitoka kwa hao wachache, nao tumewakamua; ukiwachunguza leo, mara nyingi unaangukia dawa ileile ya zamani.

Akina Brady waliacha kuwabembeleza. Walichota DNA moja kwa moja udongoni, bila kujali ni ya nani, wakasaka humo jeni zinazofanana na zile zinazotengeneza daptomisini, dawa inayohitaji kalsiamu ili iue. Katika udongo wa jangwani wakapata kundi moja geni la jeni. Lilikuwa refu, likabidi liokotwe vipandevipande, liunganishwe, kisha lipandikizwe kwa Streptomyces albus, bakteria anayekubali kufugwa. Akaanza kutoa antibiotiki, malasidini. Mwaka 2018 waliripoti kwamba dawa hiyo ilisafisha vidonda vya panya vyenye MRSA, yaani bakteria stafilokokasi aliye sugu kwa dawa.

Kwenye kupandikiza ndipo penye kazi. Kusoma DNA siku hizi si tatizo. Tatizo ni bakteria mwenyeji kukaa kimya. Jeni anazo, chakula anacho, dawa haitoki. (Anayedhani kompyuta imetumaliza sisi wa agari, aje amtunze huyo Streptomyces.)

Mwaka 2022 akina Brady haohao wakaleta antibiotiki nyingine, silagisini, na hapa ndipo nilipoguna. Programu ilisoma jeni, ikakisia umbo la molekuli, wakemia wakaiunda wenyewe. Jeni zilikuwa za bakteria anayejulikana, ila hakuna aliyemhitaji. Silagisini hunasa molekuli mbili ambazo bakteria hutegemea katika kujenga ukuta wake, hivyo usugu hauji kirahisi. Kama yule bakteria mwenye jeni hutengeneza kitu hichohicho au la, kwangu si hoja, mradi kinaua. Kwa panya, silagisini ya kwanza iligoma, kwa sababu iling'ang'ania protini za damu. Wakabadilisha mkia wa molekuli yake, ikafanya kazi.