Jinsi nilivyoichora Ujiji kwenye ramani kwa simu na bodaboda

Nimechoka kusikia vijana wa hapa Kigoma wakiambiwa kwamba ramani ni kazi ya wapima ardhi na watu wenye mashine za bei mbaya. Mimi nauza chaja na kava za simu Mwanga, ardhi sijasomea hata siku moja. Lakini ukifungua OpenStreetMap ukaisogeza mpaka Ujiji, vichochoro vingi utakavyoviona vimepita mkononi mwangu, au mikononi mwa vijana niliokaa nao nikawaonyesha. Nalisema hili kwa fahari kabisa.

Kwa asiyeifahamu, hiyo ni ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Inachorwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaruhusiwa kuongeza, kurekebisha na kuitumia bure. Dar es Salaam walishaonja faida yake: mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wakaingia mitaani kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Mimi nikasema, kama Tandale wameweza, sisi wa mwisho wa reli tunasubiri nani?

Niliyemuuliza kwanza ni fundi mmoja wa kompyuta mjini. Akanijibu ninunue kifaa maalumu cha kupimia, cha laki kadhaa, halafu nilipie mafunzo. Mwingine akaniambia nifungue ramani ya kampuni kubwa ninakili majina na barabara, eti nitamaliza jioni moja. Huo wa pili ni ushauri mbaya zaidi ya wa kwanza. Ramani za watu zina hakimiliki, na ukikamatwa umenakili, kazi yako yote inafutwa. Wa tatu alinipa ushauri uliosikika wa maana: kaa nyumbani, fungua picha ya setilaiti, chora juu yake, basi.

Nikafanya hivyo. Nikachora barabara na nyumba za upande mmoja wa Ujiji, zikapendeza. Kisha nikatoka na simu kwenda kuhakiki. Nimesimama katikati ya njia, natazama skrini, alama yangu iko sebuleni kwa watu! Nikasogea mbele, bado natembea juu ya mapaa. Picha yenyewe ndiyo iliyokuwa imekaa pembeni kwa mita kadhaa, na kila nilichochora juu yake kikawa kimehama nayo. Yule mshauri hakuligusia hilo hata kidogo.

Hapo ndipo bodaboda walipoingia. Simu ya kawaida, ikiwa mahali pa wazi, inakosea kama mita 5 hivi, wakati mwingine zaidi. Ukipita njia mara moja huwezi kuiamini. Lakini ukipita njia ileile mara nyingi, kwa siku tofauti, makosa yanaangukia kushoto na kulia, na barabara halisi inabaki katikati. Na nani anapita barabara ya Kigoma hadi Ujiji mchana kutwa kama siyo bodaboda? Nikawaomba jamaa wa kijiweni hapa dukani. Nikawawekea OsmAnd, programu ya ramani ya kwenye simu, nikawaonyesha kitufe cha kurekodi safari, wakaendelea na abiria wao. Malipo yalikuwa chaji ya bure dukani na buku mbili tatu za bando kwa wiki. Jioni wananirushia mafaili.

Nilipoyafungua yote kwa pamoja kwenye JOSM, ile programu ya kuchorea ya kwenye kompyuta, barabara ikatokea kama fungu la nyuzi: mistari mingi imebanana, katikati mizito, pembeni imetawanyika. Nikaishika picha ya setilaiti nikaisogeza taratibu mpaka barabara ya kwenye picha ikalala juu ya lile fungu. Nyumba, uwanja, kona, vyote vikakaa mahali pake kwa mpigo. Niliinuka kwenye kiti. Vipimo vya kuisogeza picha nikavihifadhi mahali ambapo mchoraji mwingine anavikuta, asianze upya.

Mambo matatu niliyajua kwa kushinda juani tu. Ujiji ina miembe mikubwa, mingine ya tangu zama za misafara, na chini ya majani yake simu inayumba vibaya. Kwa hiyo picha ilinganishe kwenye makutano yaliyo wazi, kamwe usitumie pale kwenye kivuli kizuri. La pili, vipimo vilivyofaa Ujiji kwenye tambarare havikufaa milimani kuelekea Bangwe. Mlima unaivuta picha kivyake. Kila eneo lisawazishe upya. La tatu, kabla ya kuondoka, acha simu itulie kwanza ishike setilaiti, la sivyo mwanzo wa njia unakuja zigizaga.

Majina ya mitaa ni kazi nyingine. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilituletea vibao, ila bibi anayeuza mawese kichochoro cha pili haendi kwa kibao. Nilimwamkia, nikamuuliza, akanijibu, “Mjukuu wangu, hapa watu wote wanapaita Msikitini, hicho kibao kimekuja jana.” Nikaandika yote mawili, kwa kuwa ramani hii ina nafasi ya jina rasmi na nafasi ya jina lingine linalotumika. Mgonjwa akipiga simu usiku atataja jina la bibi. Usipuuze pia wasukuma mikokoteni ya maji: wanajua bomba lipi linatoa na lipi limekauka tangu mwaka juzi.

Sasa Kibirizi, pale ufukweni mwa ziwa. Kuna mchoraji wa Ulaya, mtu mwenye moyo mzuri sana, aliyekuwa akituchorea mwambao kutoka kwao. Pale mwaloni akachora safu za nyumba ndefu nyembamba zimepangana vizuri. Nikaangalia nikashangaa, nani amejenga pale? Vilikuwa vichanja vya dagaa! Ukiwa juu, kichanja kilichojaa dagaa kinang'aa kama bati. Sikufuta kimyakimya. Nikaenda asubuhi, nikapiga picha akina mama wakigeuza dagaa kwa mikono, nikamtumia pamoja na maelezo. Akashukuru, akaviondoa mwenyewe, kisha akauliza ufukwe unaishia wapi, maana ziwa limepanda miaka ya karibuni na picha aliyonayo ni ya zamani. Nikautembea ukingo na simu, nikampelekea mstari. Ndivyo ninavyopenda kazi hii iende: yeye ana kompyuta nzuri na muda, mimi nina miguu na macho hapa hapa.

Ndiyo maana sina uvumilivu na anayejua kitu akakificha ili aonekane mtaalamu. Kila nilichokipata kwenye ramani hii kiliwekwa na mtu ambaye hakunidai hata senti. Kijana akija dukani na swali, jambo la kwanza namwambia afungue simu anionyeshe alipofika na alichojaribu. Simchorei. Akikwama kweli, namwonyesha mara moja, halafu anamwonyesha mwenzake nikiwa nasikiliza. Kuna binti wa sekondari alianza kwa StreetComplete, ile inayokuuliza maswali tu: barabara hii ina lami? duka hili bado lipo? Sasa yeye ndiye anayenisahihisha mimi kwenye majengo ya shule. Maelekezo yote tumeyaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, na kwa wasio na bando tunawapakulia eneo lao kwenye JOSM, wanachora bila intaneti, wanakuja kupakia wakimaliza.

Zilizobaki ni njia za vijiji vya mwambao wa kaskazini kuelekea mpaka wa Burundi. Mwenye safari ya boti kwenda Kagunga, pita dukani nikuwekee OsmAnd. Washa rekodi boti ikiwa bado mwaloni, zima data kulinda chaji, na simu ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, maana mawimbi ya mchana hayana simile. Ukishuka kule, tembea njia ya kwenda zahanati na ya kwenda shule, kwenda na kurudi, halafu uniletee faili.