Siku moja na Altezza: kutoka ripoti za alfajiri hadi majaribio ya usiku

Kazi yangu huanza saa kumi na mbili asubuhi kwa kusoma, kwa sababu wachezaji wengi hujaribu gari usiku na ripoti zao hunisubiri asubuhi. Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200, ambalo kikundi chetu kidogo hapa Dodoma kinalitengeneza kwa ajili ya Assetto Corsa, simuleta (mchezo wa kompyuta unaoiga uendeshaji wa gari) ya kampuni ya Kunos Simulazioni ya Italia iliyotoka rasmi mwaka 2014. Watengenezaji wa kujitegemea bado wanaipenda simuleta hiyo kwa kuwa tabia za gari, kuanzia springi hadi difu, huandikwa kwenye mafaili ya maandishi ambayo mtu anaweza kuyafungua na kuyarekebisha. Tuliichagua Altezza kwa sababu moja kubwa: tangu ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1998 imesafiri hadi mitaani kwetu, kiasi kwamba mchezaji wa Kisasa au Area C anaweza kuachia usukani wa simuleta, akatoka nje, akaomba kuendesha ya kweli ya kaka yake. Wajaribuji wa namna hiyo ni hazina, na ninayasoma maneno yao kwa makini kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Ripoti za leo asubuhi zilikuwa za aina mbili. Wapo waliozoea magari ya mashindano, ambao husema Altezza yetu inalala sana kwenye kona na kwamba breki zake zinachelewa kushika. Hawa huwa nawajibu kwa ufupi. Gari la barabarani lenye uzito wa takriban kilo 1,340, springi zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kazini, na matairi ya 215/45 yenye rimu ya inchi 17 linapaswa kulala, na anayelikanyaga breki kama gari la mashindano atapitiliza kona. Tukiliondolea tabia hiyo tutakuwa tumetengeneza gari jingine lenye sura ya Altezza.

Aina ya pili ni ripoti inayotaja mahali, gia na kifaa. Binti mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma aliandika kwamba kwenye Paddock Hill, ile kona ya kwanza ya Brands Hatch, uwanja wa mbio za magari wa Uingereza, inayopinda kulia huku barabara ikiporomoka, nyuma ya gari hutoka kila anapoachia mafuta katika gia ya tatu, hata akiachia taratibu. Akaongeza upepo wa matairi, joto la barabara na aina ya usukani wake, kisha akamalizia kwa jambo lililonifanya nisimame: Toyota GT86 iliyomo katika simuleta hiyo hiyo haimfanyii hivyo. Kuachia mafuta kwenye mteremko huhamishia uzito mbele na kuyapunguzia matairi ya nyuma mshiko, kwa hiyo gari lolote linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma litalegea kidogo hapo. Lakini kulegea kidogo na kugeuka kabisa ni mambo mawili, na ulinganisho aliouweka ulitosha kunionyesha kwamba tatizo haliko mguuni mwake.

Saa tatu nilimpigia kijana wa Singida aliyesema usukani wetu ni mzito mwanzoni mwa kona halafu unakufa katikati. Usukani wa kuchezea kama Logitech G29 hutoa nguvu ya takriban niutoni-mita mbili tu. Simuleta ikidai zaidi ya hapo, mota hufika kikomo chake, na tofauti zote zilizo juu ya kikomo hicho hupotea. Ni sawa na spika ya harusini iliyofunguliwa hadi mwisho, ambayo kelele zake zinafika mtaa wa tatu lakini hotuba ya mjomba haieleweki. Nilimwomba apunguze nguvu kwenye mipangilio hadi mshiko wa matairi uanze kusikika tena katikati ya kona, na pia ahakikishe mzunguko wa usukani ni digrii 900, si 360 aliyokuwa ameiacha kutoka kwenye gari jingine. Baada ya robo saa alipiga simu mwenyewe, akiwa na furaha. Hatukugusa herufi hata moja kwenye mafaili ya gari.

Saa tano niliikalia hoja ambayo imekuwa ikirudi tangu toleo la kwanza: kwamba Altezza ya simuleta ina nguvu kuliko ile ya kweli. Tumeandika nguvu kulingana na takwimu za mtengenezaji, yaani nguvu za farasi 210 kwa mizunguko 7,600 kwa dakika katika gari la gia za mkono, na takwimu hizo huhesabiwa kwa hewa inayokaribia ile ya usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribiana na hiyo, achilia mbali joto la mchana wa Oktoba. Juu ya hayo, nilipomuuliza mlalamikaji mmoja ameendesha Altezza yenye injini gani, akanijibu ni ya silinda sita. Hiyo ni AS200 yenye injini ya 1G-FE na nguvu za farasi 160, gari tofauti kabisa kwa mguu wa kulia. Kwa hiyo aliyesema gari letu lina nguvu zaidi alisema kweli, na takwimu zetu nazo ni sahihi. Nimekataa kuzipunguza. Nimependekeza tuiandae AS200 peke yake baadaye, kwa sababu wanaoifahamu wanastahili kuikuta ilivyo.

Chakula cha mchana kilikuwa wali na maharage, nikila nikiwa njiani kwenda gereji.

Saa nane nilikuwa kwa fundi wa kupima magurudumu, mzee ambaye baada ya shikamoo hapendi maneno mengi. Mteja wake mmoja alikuwa ameleta RS200 yenye bushi na shokapu mpya, akaturuhusu tuisome kwenye mashine. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameelekea ndani kidogo, sehemu ndogo tu ya digrii. Nikamuuliza fundi ingekuwaje yangeelekea nje. Akasema, "Hapo utakuwa unaendesha kiti cha nyuma, mwanangu. Ukiachia mafuta tu, nyuma inataka kutangulia." Lilikuwa jambo lile lile ambalo binti wa chuo alilieleza.

Saa kumi, nikiwa nyumbani, nilifungua faili la springi na magurudumu ya nyuma tulilolirithi kutoka kwenye gari la zamani la mazoezi. Alama ya mwelekeo wa magurudumu ilikuwa kinyume: magurudumu yetu ya nyuma yalikuwa yakitazama nje. Nilirekebisha thamani hiyo peke yake. Ningebadilisha na springi siku hiyo hiyo, hakuna ambaye angejua kipi kimeponya nini.

Saa moja usiku tulikutana katika chumba cha kuchezea gemu jirani na Ng'ong'ona. Niliweka magari mawili, jekundu na jeupe, bila kusema lipi ni jipya, kwa kuwa mtu akijua amepewa marekebisho huyahisi hata pasipokuwepo. Binti aliyeandika ripoti alizunguka Brands Hatch kwa jekundu, akahamia jeupe, na aliposhuka Paddock Hill kwa mara ya pili akacheka kwa sauti, akasema jeupe ndilo. Alikuwa sahihi. Dereva wa teksi mwenye Altezza yake naye alichagua jeupe, ila akalalamika kwamba kwenye kona za polepole sasa mbele inanyooka kabla ya kukubali kugeuka. Waliotumia pedi ya mkononi badala ya usukani walisema vivyo hivyo, wawili kati yao wakilipendelea jekundu kwa sababu hiyo. Hoja yao ina uzito: ule mgeuko wa nyuma ulikuwa ukificha uvivu wa mbele, na sasa umeonekana.

Saa nne usiku nilituma toleo jipya pamoja na maelezo ya badiliko hilo moja. Nimewaomba wajaribuji waende Nordschleife, njia ya mbio ya Ujerumani yenye kilomita zaidi ya 20 na kona za kila aina, kwanza wakiwa na tangi lililojaa kisha likiwa karibu tupu, waandike jina la kona ambayo mbele inanyooka, gia waliyokuwa nayo, na kama wakati huo mguu ulikuwa kwenye breki, kwenye mafuta au hewani.