Kofia Ndiyo Kisanamu: Visanamu vya LEGO Vilivyovaa Mavazi ya Wanyama

Kisanamu cha LEGO, kampuni ya matofali ya plastiki ya kuchezea, kilichovaa vazi la gorila ukikivua kofia hubaki na mtu wa kawaida: kichwa cha njano kama cha wenzake, kiwiliwili, mikono na miguu. Kiwiliwili kina rangi na chapa yake, yaani michoro iliyochapwa, sawa, lakini umbo la mnyama lote liko kwenye kofia, kipande kimoja kilichotengenezewa kalibu yake, chombo cha kuundia plastiki. Ndiyo maana anayenunua visanamu hivi kutoka kwa mtu mwingine anatakiwa aanze ukaguzi kichwani. Miguu ya rangi moja isiyo na chapa utapata kwingine. Kofia ya kisanamu kilichoacha kuuzwa zaidi ya miaka kumi iliyopita ni kazi kuipata, na ikipatikana peke yake huuzwa kama vile umenunua kisanamu kizima.

Visanamu vya LEGO kwa jumla, vyenye urefu wa kama sentimita 4, vipo tangu 1978. Vile vya kukusanya, vinavyouzwa kimojakimoja kwenye pakiti bila kujua kilichomo, vilianza 2010, na hutolewa kwa makundi yanayoitwa mifululizo. Gorila alikuja kwenye mfululizo wa 3 mwaka 2011, mjusi kwenye wa 5 mwaka huohuo, sungura kwenye wa 7 mwaka 2012, na kuku kwenye wa 9 mwaka 2013. Wakafuata nguruwe, papa, pengwini, tembo, dubu, mbweha, lama na wengine. Kwa maoni yangu hakuna aliyemfikia kuku kwa ubunifu. Mikono ya kawaida iliondolewa ikawekwa mabawa, kwa hiyo hashiki kitu chochote. Na hapo ndipo shida yake ilipo: bawa likipotea huwezi kuchomeka mkono wa kisanamu kingine ukasema ni yeye yule.

Kabla hujalipa, hesabu vipande. Gorila kamili ni kofia, kichwa, kiwiliwili chenye mikono yake, miguu, ndizi ya njano, na kisahani cheusi cha kusimamia. Sungura ana karoti. Mjusi ana mkia unaobanwa katikati ya kiwiliwili na nyonga, na huo ndio unaosahaulika zaidi, kwa sababu picha za wauzaji karibu zote hupigwa kwa mbele. Omba picha ya mgongoni. Kisahani kina vinundu 4 katikati, na visahani vya mifululizo hii hufanana, kwa hiyo kukikosa si sababu ya kuacha kununua. Ni sababu ya kupunguziwa bei.

Feki zipo nyingi. Mahali pa kwanza pa kutazama ni shingoni: toa kichwa, uangalie juu ya shingo kama kuna neno LEGO lililochongwa kwenye plastiki yenyewe. Vinundu vya kisahani navyo vina neno hilo, kila kimoja. Lakini usiishie hapo. Mchanganyiko uliozoeleka ni kiwiliwili halisi kilichovishwa kofia ya kunakili, kwa kuwa kofia ndiyo iliyopotea. Ipitishe kidole ukingoni: ya kunakili mara nyingi ina mstari mkali pale kalibu mbili zilipokutana, na rangi yake hailingani na ya miguu. Tazama pia inavyokaa. Kofia halisi huingia kwa kubana kidogo na haitingishiki. Ikicheza kichwani, au ikihitaji nguvu kuishusha, ina walakini.

Kwa upande wa pakiti, mambo yamebadilika. Zamani zilikuwa mifuko laini, na mwenye vidole vyepesi aliweza kupapasa dukani akatambua masikio marefu ya sungura bila kufungua. Mwaka 2023 kampuni ilihamia kwenye viboksi vya karatasi ngumu, na kupapasa kukaisha. Sasa watu husoma alama ya mraba iliyochapwa kwenye kiboksi kwa programu ya simu. Njia hiyo inafanya kazi, ila kisanamu kimoja kinaweza kuwa na namba zaidi ya moja, hivyo programu isiyo na orodha kamili itakuambia haijui. Anayetaka seti nzima bila kubahatisha hununua katoni: viboksi 36, na mfululizo ukiwa na visanamu 12 kwa kawaida unapata seti tatu kamili. Mbili ukauza, moja ukabaki nayo.

Kuvua kofia kuna namna yake. Watu wengi huizungusha kama kifuniko cha chupa, na kila mzunguko ukuta wa ndani unasugua chapa ya uso. Baada ya miezi kadhaa nyusi zimefifia na mdomo una mikwaruzo. Shika kiwiliwili kwa mkono mmoja, kofia kwa mwingine, uivute wima kwenda juu. Kichwa kikitoka nayo, kisukume taratibu kwa chini. Wakati wa kurudisha, weka uso ukiangalia mbele kabla ya kubana. Usibane kwanza halafu ukaja kurekebisha.

Kuosha ni kazi ndogo. Maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni laini ya vyombo matone mawili, na mswaki wa mtoto kwa vumbi lililojificha kwenye mikunjo ya masikio. Maji ya moto zaidi yanaweza kupinda vipande. Tenganisha kofia, kichwa, kiwiliwili na miguu, lakini mikono iache mahali pake: kuichomoa na kuichomeka kunalegeza tundu na hata kupasua plastiki ya pembeni. Kausha kivulini juu ya kitambaa, ndani ya kofia kukiangalia chini ili maji yatoke.

Ugonjwa mkubwa wa sungura, kuku na yeyote mwenye nyeupe nyingi ni kugeuka manjano. Mwanga wa jua unachakaza plastiki polepole, hata ule unaopita dirishani. Wapo wanaorudisha weupe kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa: kipande kinazamishwa kwenye chupa angavu, kinawekwa juani kwa saa kadhaa na kugeuzwa kila mara, kwa sababu upande unaoelea nje ya dawa hubaki na doa. Kwa kipande cheupe kitupu inasaidia. Kwa kipande chenye chapa sishauri, kwani chapa inaweza kupauka, na cha rangi nyingine kinaweza kutoka na mabaka. Hata kikifanikiwa, umanjano hurudi kisanamu kikirudishwa kwenye mwanga uleule. Rafu iliyo mbali na dirisha ni bora kuliko dawa yoyote.

Nyufa nazo huanza kwenye kiwiliwili, pembeni, kutoka ukingo wa chini kupanda juu, au chini ya bega. Nyonga zinasukuma kwa ndani muda wote, na plastiki nyembamba hatimaye inakubali. Mulika tochi ya simu kwa ubavu na utauona ufa mwembamba kama unywele ambao picha ya muuzaji haikuonyesha. Usiuzibe kwa gundi kali ya haraka: mvuke wake huacha ukungu mweupe kuzunguka ufa, na ukungu huo unaonekana kuliko ufa wenyewe. Uache ulivyo, ukisimamishe kisanamu upande mzima ukiwa mbele.

Vinavyohifadhiwa kwa muda mrefu, vitenganishe kiwiliwili na miguu ili kupunguza msukumo huo, kila kisanamu kwenye kimfuko chake cha zipu cha polithini. Epuka mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu ya pazia jipya la bafuni. Kemikali zake hutoka na kunatisha plastiki iliyogusana nayo. Andika nje jina na namba ya mfululizo. Na kama kuna mjusi, hakikisha mkia umo kabla ya kufunga zipu.