Kiatu kingine kimebaki topeni

Leo hapa Njoro nimetoka na farasi mwenye viatu vinne vya chuma, nimerudi na vitatu. Nimepekua tope kwa fimbo nusu saa kama aliyeangusha simu. Wapi!

Mimi nililaumu misumari inayokishika. Fundi wa viatu vya farasi akaukunja ule mguu wa mbele uliobaki bila kiatu, akaubana katikati ya magoti, akauliza, "Mzee, hii ni wiki ya ngapi tangu kipigiliwe?" Nikahesabu kimoyomoyo: ya 10. Aibu.

Ukwato hukua kama kucha, kiatu hakikui. Kila wiki 6 hadi 8 king'olewe, ukwato uchongwe, kipigiliwe upya. Mimi nilikuwa nabana matumizi. Ukwato wa mguu wa mbele ukirefuka nchani, mguu huo unachelewa kuinuka, wa nyuma unakuja kukanyaga ncha ya nyuma ya kiatu, kinang'oka. Mvua hii nayo, asubuhi matope, mchana jua, ukwato unavimba na kukauka hadi misumari inalegea.

Kibaya zaidi, kiatu kimeondoka na kipande cha ukuta wa ukwato. Fundi amelainisha kingo kwa tupa, amekataa kupigilia leo. Sasa farasi yuko zizini kwenye maranda makavu, ananikazia macho kama mimi ndiye mwizi.