Taa ya saba

Swichi yetu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote za ofisi, ilikuwa na matundu 24, kila tundu na kitaa chake cha kijani. Asubuhi, ofisi ikiwa haijachangamka, vitaa vile hukonyeza kivivu, kimoja hapa, kingine pale. Jumatatu ile ya Agosti 2018, wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja, taa ya saba haikuwa inakonyeza. Ilikuwa inatetemeka kwa kasi isiyohesabika, na ya kwanza, taa ya seva, inatetemeka nayo sambamba. Nilisimama na kikombe changu cha chai nikadhani kuna mtu anahamisha sinema.

Tulikuwa Malaba, upande wa Uganda, ghorofani juu ya duka la matairi. Kampuni ya kutoa mizigo forodhani: kompyuta 14, seva moja, makarani, na mimi fundi. Kontena linashushwa Mombasa, lori linapanda hadi mpakani, karani wetu anaingiza tamko kwenye ASYCUDA, mfumo wa mamlaka ya mapato, ushuru unalipwa, lori linapita. Ukiwa dirishani ulikuwa unauona mkia wa malori umeingia Kenya hadi macho yachoke. Dereva aliyelala kwenye foleni ile usiku wa pili haulizi hali yako. Anauliza, "Karatasi zimetoka?"

Mwenye kampuni tulimwita Hajati. Alizaliwa Bombo, kwa Wanubi, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri: vitenzi vingi, maelezo machache. Miaka miwili nyuma aliniambia, "Kijana wangu, funga hii nyumba. Sitaki mwizi wa kompyuta hapa." Nikaifunga. Nilichukua kompyuta kuukuu ya mezani, nikaipachika kadi mbili za mtandao, nikaweka pfSense, programu ya kulinda mtandao, ambayo niliipakua tu bila kulipa. Waya wa intaneti ukaingilia kadi moja, ofisi ikatokea kwenye kadi ya pili, na katikati nikaandika sheria zangu: wa nje hagongi mlango, wa ndani hatoki ila kwa milango niliyoitaja. Facebook na WhatsApp marufuku, kwa amri ya Hajati. Hiyo ndiyo faiawoli.

Kisha Hajati akalipia leseni za antivairasi, ile ya maofisi, yenye mlinzi ndani ya kila kompyuta na mkubwa wao kwenye skrini yangu. Kila mashine ina doti yake. Kijani ni mzima, nyekundu ni mgonjwa, kijivu ni hajaonekana. Mtumiaji hawezi kumzima mlinzi bila neno la siri, na neno la siri ninalo mimi. Nilijivuna, sitaficha. Mgeni akija kutengeneza printa, namwonyesha doti zangu kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Sasa, tarehe 1 Julai mwaka ule serikali ikaanza kutoza kodi ya mitandao ya kijamii: shilingi 200 kwa siku, ulipe kwa simu, ndipo WhatsApp ifunguke. Mia mbili haikutoshi hata kununua chapati, lakini watu waliichukia kodi ile kuliko kodi yoyote niliyowahi kusikia ikilalamikiwa. Ndani ya siku chache hata mama wa matoke pale stendi alikuwa anajua VPN ni nini. Ni mfereji uliofunikwa: unapitisha maji yako chini kwa chini, na anayelinda barabara haoni kinachopita. Kampuni ya simu haioni WhatsApp, kwa hiyo haidai 200. Watu waliiweka kwenye simu kwanza. Kisha mmoja akagundua kwamba mfereji uleule, ukiuweka kwenye kompyuta ya ofisi, unapita pia chini ya ukuta wa fundi.

Wateso wana pombe yao ya ulezi, ajono. Chungu kimoja katikati, wazee wamekizunguka, kila mmoja ametumbukiza mrija wake mrefu. Faiawoli yangu Julai ile ilikuwa kama mtu aliyesimama kulinda mdomo wa chungu huku mirija kumi imezama ndani. VPN nyingi hupita mlango namba 443, mlango uleule wa benki na wa tovuti nyingine nyingi. Ningeufunga, ningefunga na kazi. Nilikuwa ninaiona trafiki imenenepa, lakini iliyomo ndani imesokotwa, huwezi kuisoma. Nikasema wacha, walinzi wa ndani wapo.

Hapo kwenye walinzi wa ndani ndipo penye aibu yangu.

Mwezi wa sita nilikuwa kwenye matatu, naenda Mbale mazishini. Simu ikalia. Karani wetu wa meza ya dirishani, mwepesi kuliko wote, anaingiza tamko huku anaongea na dereva huku anakula mandazi. "Fundi, ASYCUDA imeganda. Ni hii antivairasi yako inaivuta shati. Lori tatu ziko geti, Hajati anapumua kisogoni kwangu." Kuku wa mtu wanalia chini ya kiti, kondakta anadai nauli, na mimi nikamtajia neno la siri, herufi kwa herufi, kwa sauti, abiria wote wanasikia. Lilikuwa jina la mji wetu na mwaka. Malori yakapita. Niliporudi nilikusudia kulibadilisha. Jioni ile printa ikaharibika, kesho yake jambo lingine, na ndivyo ilivyobaki.

Julai yeye akalitumia tena, kwa sababu mlinzi alikuwa anaikataa VPN yake. Safari hii alimzima asimwashe tena. Doti ya mashine ya saba ikawa ya kijivu. Niliiona! Niliiona kila asubuhi, na pembeni yake maandishi madogo yakihesabu: siku 5, siku 19, siku 36. Nikajiambia ile mashine inawashwa na kuzimwa vibaya, nitaiangalia.

Jumatatu ile VPN yake ya bure ilikuwa imechoka, imejaa matangazo. Akatafuta ile ya kulipia, lakini nakala iliyovunjwa kufuli isidai pesa, ya mteremko. Akaipata, akaibonyeza mara mbili. Haikutokea kitu. Akaibonyeza tena, akainuka kufuata chai.

Mimi nikaacha taa nikaenda kwenye kompyuta yangu, nikafungua folda la wateja kwenye seva. Hapo nilishuhudia jambo ambalo mpaka leo nikilala vibaya naliota. Majina ya mafaili yalikuwa yanabadilika mbele ya macho yangu, moja moja, kutoka juu kwenda chini, kwa utulivu, kama mtu anayepitisha kidole kwenye orodha. Kila moja likiguswa linaota mkia: .KRAB. Ankara, KRAB. Hati za shehena, KRAB. Daftari la nani anadaiwa nini, KRAB. Na ndani ya kila folda faili jipya, KRAB-DECRYPT.txt, barua ya wezi.

Nilikimbia. Kikombe kilivunjikia wapi sijui. Nikang'oa waya wa tundu la saba, kisha, kwa kutojiamini, nikang'oa na wa kwanza. Taa zote mbili zikafa. Bakapu yetu ilikuwa diski ya nje, iliyochomekwa kwenye seva usiku na mchana ili tusisahau kuichomeka. Nayo ilikuwa imeliwa. Nakala nzima iliyobaki ilikuwa fleshi ya mwezi wa nne, ndani ya mkoba wa Hajati pamoja na tasbihi.

Jina lake ni GandCrab, toleo la nne, programu ya wezi ya kufunga mafaili yako hadi ulipe. Ilikuwa na adabu ya ajabu: ilipoingia kwenye mashine ilitazama kwanza lugha, ilipokuta Kirusi iliondoka bila kugusa kitu. Sisi wa Malaba hatukuwa na bahati hiyo. Walitaka dola 1,200 kwa sarafu za mtandaoni, kama milioni 4 na nusu za kwetu. Hajati aliisoma ile barua yote, kidole kwenye skrini, akaniuliza, "Nikiwapa, watarudisha?" Nikamwambia huenda, huenda wasirudishe. Akasema, "Mwizi kachukua mbuzi, nimpelekee na kamba?" Tukaanza kuomba nakala za karatasi kwa wateja, mmoja mmoja. Matamko yenyewe yalikuwa salama kwenye seva za mamlaka, kwa hiyo malori hayakusimama. Madeni ndiyo yaliyopotea, na ungeshangaa wateja wangapi walisahau kwamba wanadaiwa.

Karani hakujitetea. Aliniambia tu, "Fundi, mimi nilitaka WhatsApp. Mke yuko Soroti na mtoto mchanga, ananitumia picha." Hajati akamtoa mezani, akampeleka yadi kuhesabu lakiri za makontena juani. Alipomuuliza karani jinsi mlinzi wa kompyuta alivyozimwa, yule bwana alinitazama kidogo, akasema, "Nilibahatisha paswadi." Hajati akageuka kwangu. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Agosti, Septemba, Oktoba. Nikipita yadi naye ananisalimia, "Shikamoo fundi," kwa utani, kwa sababu tulikuwa rika. Hakuniuliza lolote.

Ile diski iliyoliwa sikuifuta. Niliifunga kwa gazeti nikaitia kwenye droo, maana nilikuwa nimesoma kwamba funguo za hawa wezi wakati mwingine hupatikana. Na kweli: tarehe 25 Oktoba Bitdefender, pamoja na polisi wa Romania na Europol, walitoa bure chombo cha kufungua GandCrab, toleo letu likiwemo. Masharti yake, lazima uwe na ile barua ya wezi, kwa kuwa humo ndimo chombo kinamochukua alama ya mashine yako. Moyo ukaruka. Kwenye seva barua zote nilikuwa nimezifuta kwa hasira. Nikaifungua diski mikono inatetemeka, nikaikuta moja, nyingine, nyingine, kila folda na yake. Sikuwahi kufurahia kuona barua ya mwizi namna ile. Umeme ulikatika mara mbili usiku ule. Alfajiri mikia ya KRAB ilikuwa imeanguka yote.

Hajati alichinja mbuzi. Wateja wenye kusahau wakakumbushwa. Karani akarudishwa meza ya dirishani, mimi nikamwekea mlinzi mpya na doti ikawa kijani. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, malori yamejaa geti, akaniita kutoka upande wa pili wa chumba bila kuinua macho kwenye kibodi:

"Fundi, imeganda tena. Paswadi bado ni ile uliyonipa?"

Hajati alikuwa mlangoni na birika.

"Ile ipi?" akauliza.

Nikamweleza. Matatu, Mbale, kuku chini ya kiti, doti ya kijivu, na kile kichwa nilichokiitikia. Nilisimama wima kama mtoto wa shule. Karani alikuwa amegeukia dirisha, anahesabu malori. Hajati aliweka birika chini.

"Na hii mpya, nani anaijua?"

"Mimi peke yangu, Hajati."

"Iandike kwenye karatasi, tia kwenye bahasha, ibandike, lete. Ukifia barabara ya Mbale tutafanyaje? Halafu shuka yadi. Lakiri za leo utahesabu wewe."